Masomo Yasiyo na Mwenyewe

Msomaji, hapana budi siku moja utaulizwa: wataka kusoma nini? Zamani swali hili lilimngoja kijana hata amalize kidato cha nne. Siku hizi halimngoji sana. Chini ya mtaala wa umilisi, ambao kundi lake la kwanza la Gredi ya 10 ni la mwaka 2026, mwanafunzi wa Kenya huchagua njia moja katika tatu angali na umri wa miaka 15 au 16: ama sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ama sayansi za jamii, ama sanaa na michezo. Mzazi hufurahi, jirani hupongeza, na mtoto hupewa cheo kabla ya kazi: huyu injinia, yule wakili. Lakini kila achaguaye hutupa pia. Hayo yanayotupwa ndiyo nitakayo kuzungumza nawe, kwa sababu yana tabia ya kurudi, tena hurudi wakati ambapo mwenyewe alikwisha kuyasahau.

Hurudi hasa katika chuo kikuu. Kijana aliyeapa kwamba hatafungua tena kitabu kisicho na tarakimu huenda chuoni kusomea umeme, akakuta katika ratiba yake misingi ya falsafa. Binti aliyekimbia kemia huenda kusomea sheria, akakuta somo la mazingira likimngoja mlangoni. Vyuo vikuu vingi vya nchi yetu vina masomo ambayo kila mwanafunzi huyapitia, awe wa udaktari, wa biashara au wa ualimu. Majina hutofautiana, aghalabu utaona humo ustadi wa mawasiliano, falsafa, habari za Ukimwi, mazingira na taaluma za maendeleo. Chuo cha USIU, kilichoanza Nairobi mwaka 1969, kilikuja na desturi ya Marekani, ambako masomo ya jumla ni sehemu kubwa ya shahada na si nyongeza.

Desturi hiyo ya Marekani nayo ina asili yake. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Chuo cha Columbia mjini New York kilianzisha mwaka 1919 somo moja juu ya ustaarabu wa zama zetu, lisomwe na vijana wote wa mwaka wa kwanza bila kubagua. Mwaka 1945, vita ya pili ikielekea mwisho, Harvard ilitoa ripoti iliyosifika sana juu ya elimu ya jumla katika jamii iliyo huru. Tarehe hizo mbili zastahili kutazamwa. Mataifa yaliyokuwa na wanakemia hodari kuliko wote duniani ndiyo yaliyotiliana sumu ya moshi katika mahandaki. Si ajabu kwamba walimu walianza kujiuliza kama ustadi peke yake watosha.

Lakini mimi si mwalimu wa Columbia. Nakaa Likoni na kufundisha kisiwani Mombasa, masomo yangu ni Hisabati na Kiswahili, ndoa ambayo wenzangu katika chumba cha walimu huicheka hata leo. Basi kila siku ya kazi navuka Feri mara mbili, na mengi ninayoyajua juu ya jambo hili nimeyapata hapo.

Sisi watu wa Mombasa hatuna haja ya kusema kivuko cha Likoni. Twasema Feri, na kwa neno hilo moja twataja chombo, na gati, na kituo cha matatu, na wauzao viazi karai na mihogo, na mtaa wote ulioko kwenye ncha ya kusini ya kisiwa. Mlango wenyewe wa bahari hauna upana mkubwa: ni kama mita 500. Meli zote ziendazo bandari ya Kilindini hupita papo hapo, nazo feri huzipisha, kwa maana mkubwa wa bahari hapigiwi honi. Aendaye kwa miguu halipi kitu. Hesabu inayotajwa mara kwa mara ni kwamba wavukao kwa siku ni zaidi ya watu 300,000, na magari yapata 6,000. Humo mna daktari na hamali, mwanafunzi na kuku wake wa shamba, mtu wa mkokoteni anayeusukuma mzigo wake juu ya ulimi wa chuma wakati maji yamekupwa na mteremko umekuwa mkali.

Jioni moja, kusi ikivuma, nilisimama ubavuni mwa chombo nikasikia nikiitwa.

“Mwalimu, shikamoo.”

“Marahaba, kijana wangu. Wa hali gani? Na wazee nyumbani?”

Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, hodari sana wa hesabu, mtoto wa mvuvi wa Mtongwe. Sasa asomea mitambo ya meli katika chuo ambacho sina haja ya kukitaja. Nilimuuliza habari za masomo, nikidhani ataniambia juu ya injini. Badala yake alinimwagia malalamiko.

“Mwalimu, mimi nilikwenda kusomea mashine. Muhula huu nimepewa falsafa, nikapewa maendeleo, nikapewa na mawasiliano. Haya ni masomo yasiyo na mwenyewe. Idara hazijivunii, wanafunzi hawayapendi, na anayetufundisha huja amekwisha kuchoka na kazi yake nyingine. Tu watu 400 ukumbini. Asoma karatasi, twanakili, twatoka. Na baba ayalipia kama ayalipiavyo ya mashine.”

Maneno hayo ya mwisho yalinichoma, kwa kuwa namjua baba yake, na najua ni siku ngapi za kusi ambazo mvuvi mwenye chombo kidogo hawezi kutoka nje ya miamba. Sikuona haki kumjibu mtoto huyu kwa mahubiri. Somo linalosomwa kutoka karatasini mbele ya watu 400 ni karatasi tu. Kama lingekuwa somo la injini likafundishwa hivyo, injini isingewaka. Na falsafa nayo, ingawa haina moshi wa kuonyesha kwamba imezimika, huzimika vile vile. Chuo kikisema kwamba jambo hili ni la lazima kwa kila mtu, kisha kikampa mwalimu aliyechoka kuliko wote ukumbi uliojaa kuliko zote, wanafunzi hupata ujumbe halisi wa chuo, na ujumbe huo si ule ulioandikwa katika kijitabu cha kozi.

Nilimwambia hivyo. Akafurahi, akadhani tumekubaliana.

Ndipo nikamuuliza: “Chombo hiki kilijengwa kichukue watu wangapi?”

“Kibao kipo, Mwalimu.”

“Na nani akisomaye?”

“Wenye kazi yao.”

“Wakikisoma wakaona tumezidi, na huku nyuma watu wasukumana, wamechelewa kazini, mvua yanyesha, mkubwa wao awaambia waondoe chombo upesi, mwenye mashine atafanya nini?”

Alinyamaza kidogo, kisha akanijibu jawabu zuri, ambalo sijalisahau. “Mwalimu, waliozama Mtongwe hawakuzama kwa kukosa falsafa. Walizama kwa uzito.”

Nami nikamwambia kwamba uzito haupandi chomboni wenyewe. Ulimi wa chuma ukashushwa, umati ukatuchukua, tukaagana kwa mikono iliyoinuliwa juu ya vichwa vya watu. Hakukubaliana nami, wala sikumtaka akubali kwa sababu ya heshima.

Pengine, msomaji, unakaa mbali na pwani na hujui Mtongwe ni nini. Nitakueleza baadaye kidogo, kwa sababu habari yake yataka kusimuliwa kwa utulivu.

Swali alilouliza kijana huyu si jipya katika Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, kikiwa bado ni chuo kishiriki, kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiotimia hata darasa moja la shule ya leo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 palizuka mjadala mkali chuoni: je, mwanasheria asome sheria tu? Wapo waliosema kwamba nchi changa haina fedha za kupoteza, mjenzi ajifunze kujenga. Wapo waliojibu kwamba nchi changa ndiyo hasa isiyoweza kumlipia mjenzi asiyejua anamjengea nani. Katika miaka hiyo alikuwapo Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, ambaye kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972. Na waliokuwa wakimsikiliza hawakuwa wanafunzi wa historia peke yao. Masomo ya maendeleo yakawa ya lazima kwa wote, wa uhandisi na wa udaktari pamoja, na mwaka 1973 ikaundwa taasisi maalumu ya kuyafundisha. Yaani pale Dar es Salaam walifanya jambo ambalo kijana wangu wa Feri analililia: walilipa somo la pamoja mwenyewe, nyumba, na walimu wake.

Sisemi kwamba hapo mambo yalikwisha. Somo linaloagizwa kwa wote lina hatari yake: laweza kugeuka likawa wimbo wa kuitikia. Somo la jumla linalokataza swali moja tu, hata kama lina majibu mazuri elfu, halifundishi tena; na nadhani ni afadhali mhandisi asiyesoma siasa hata kidogo kuliko aliyekaririshwa.

Mombasa nayo ina habari yake, na hii yapendeza zaidi kwa sababu haikupangwa na kamati yoyote. Ukitoka Mji wa Kale, ukaliacha Boma la Yesu, yaani Fort Jesus, ambalo Wareno walianza kulijenga mwaka 1593, ukaelekea kaskazini ya kisiwa hata Tudor, utafika kwenye majengo meupe yenye matao. Leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1951 kwa jina la Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo wazee bado huiita MIOME. Kusudi lake lilikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora walikuwa miongoni mwa waliochanga. Mwaka 1966 ikawa taasisi ya ufundi ya watu wote, mwaka 1972 ikawa politekniki, na mwaka 2013 ikapata hadhi ya chuo kikuu.

Katika chuo hicho cha nyundo na nyaya alifanya kazi kijana mmoja wa Mji wa Kale, mwana wa kadhi. Jina lake Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1947. Ni yeye aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akawaandikia watu wa Mombasa habari za dini na za dunia katika ukurasa mmoja, kwa maana hakuona ukuta baina yake. Mwana hakufaulu vizuri katika mtihani wake wa shule ya sekondari. Makerere haikumchukua. Akawa karani pale MIOME, na baadaye msimamizi wa mabweni. Mwenyewe alisimulia jinsi alivyosimama siku ya Maulidi akatoa hotuba, na gavana, Sir Philip Mitchell, akiwa miongoni mwa wasikilizaji. Na kwamba hotuba hiyo ndiyo iliyomfungulia njia ya kwenda Uingereza kusoma. Akapata shahada Manchester, nyingine Columbia, ile ile ya somo la mwaka 1919, na ya udaktari Oxford. Kisha akarudi Makerere akiwa mwalimu, akapanda hata kuwa profesa, katika chuo kile kile kilichomkataa. Mwaka 1986 alitoa filamu na kitabu juu ya urithi wa Afrika wa pande tatu: wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Alifariki Marekani Oktoba 2014, akaletwa kuzikwa katika makaburi ya jamaa zake karibu na Fort Jesus.

Nimeileta habari hii si ili nikwambie kwamba ukifeli utakuwa profesa. Wengi hufeli wasiwe maprofesa, na mwalimu anayesahau kusema hivyo awadanganya watoto. Nimeileta kwa ajili ya hotuba ile. Tazama jinsi ilivyokuwa: chuo cha ufundi, karani, mada ya dini na historia, gavana ameketi. Kama wakubwa wa chuo wangeshika kwamba hapa pafundishwe mashine tu, na siku ya Maulidi kila mtu aende zake, hotuba isingekuwako. Hakuna mtaala uliomwandikia. Palikuwa na nafasi tu, ukumbi na jukwaa, mahali ambapo mambo yasiyokuwa ya idara yoyote yaliweza kusemwa mbele ya wote.

Mimi mwenyewe nilifunzwa katika chuo cha ualimu wa shule za msingi kabla sijajiendeleza, na huko hapakuwa na kuchagua: asiyeweza kuimba aliimba, asiyeweza kulima alilima. Tulinung'unika sana. Mkufunzi wetu wa muziki alitufundisha noti kwa kupiga meza: noti nzima, nusu, robo, thumuni, na kila aliyekosea thumuni alisikika chumba kizima. Hata leo nikifundisha sehemu, mtoto ambaye ubao haumsaidii humpigia meza, na mara nyingi husikia kile alichoshindwa kukiona. Hilo sikulipata katika kitabu cha Hisabati.

Sasa nitakueleza habari ya Mtongwe, na jinsi nilivyoifundisha.

Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ya Mtongwe iliondoka bara kuja kisiwani, imejaa watu waliokuwa wakienda kazini. Mtongwe ni kivuko kingine, upande wa ndani wa Kilindini, si mbali na Likoni. Chombo kilipinduka yapata mita 40 kutoka gatini. Kilikuwa kimekusudiwa kuchukua watu 300. Waliokuwamo walikuwa kama 400. Waliokufa ni 272.

Katika shule yetu kila darasa hupata kipindi kimoja kwa juma ambacho hakina somo maalumu, na walimu wengi hukitumia kumalizia mazoezi. Mwaka mmoja niliwaomba wenzangu wa darasa langu waniachie vipindi vinne mfululizo. Nikaandika ubaoni tarehe ile na tarakimu zile tatu, basi. Nikawaambia: tuna vipindi vinne, nataka tujue ni kwa nini.

Walianza na hesabu, kwa kuwa mimi ni mwalimu wao wa hesabu na walitaka kunipendeza. Watu 100 zaidi, wakikadiriwa kilo 60 kila mmoja, ni kilo 6,000, yaani tani 6. Kati ya kila watu 100 waliokuwamo, 68 hawakurudi. Mvulana mmoja aliposema tarakimu hiyo ya pili alipunguza sauti bila kuambiwa, nami nikaona kwamba hesabu ilikuwa imeanza kutoka katika ukurasa wake.

Kisha fizikia. Tani 6 si nyingi kwa chombo cha chuma, mbona kipinduke? Tuliazima karai la jikoni, tukalijaza maji, tukaelea sinia ndogo yenye mawe. Mawe yakiwa chini na katikati, sinia ilitulia ingawa ilizama zaidi. Yakipangwa yakasimama juu, au yakisogezwa upande mmoja, iliinama ikapinduka ingawa uzito ulikuwa ule ule. Waligundua wenyewe kwamba watu si mawe: hutembea. Chombo kikiinama kidogo, aliye na hofu hukimbilia asikotakiwa, na wote huwa na hofu kwa wakati mmoja. Hapo msichana mmoja akauliza kama hiyo bado ni fizikia. Nikamwambia sijali ni nini, endelea.

Waliendelea hadi jiografia, kwa maana palikuwa na swali la maji. Mtoto wa Kibokoni, ambaye jamaa zake ni mabaharia tangu zamani, aliwaeleza wenzake tofauti ya bamvua na maji mafu: jinsi mwezi mchanga na mwezi mpevu unavyoyajaza maji na kuyakausha kupita kiasi, hata tofauti ya juu na chini hapa Mombasa ikazidi mita 3, na mkondo ukawa na nguvu. Alilijua jambo hilo kwa babu yake, si kwa shule, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alipogundua kwamba la babu yake ni elimu.

Kipindi cha tatu ndicho kilichokuwa kigumu. Mtu mmoja aliuliza kwa nini watu walipanda hali chombo kimejaa. Wengine wakajibu upesi: ujinga. Msichana wa Likoni, ambaye kwa kawaida hasemi, akasimama akawa mkali. Alisema kwamba mama yake hupanda chombo kilichojaa kila asubuhi, na si mjinga. Akichelewa nusu saa, mwenye kazi humkata mshahara. Alisema kwamba waliokuwa na magari hawakupinduka Mtongwe. Darasa likanyamaza. Tokea hapo tukawa hatuzungumzi tena juu ya sinia na mawe, bali juu ya kazi, na umbali wa nyumba na kazi, na kwa nini kisiwa kina ajira na bara ya kusini ina watu, na ni nani aliyeamua hivyo, na lini. Hayo katika chuo kikuu yangeitwa taaluma za maendeleo, nao wangeyanakili kutoka karatasini.

Nikawauliza lile swali nililomuuliza kijana wangu wa Feri: mwenye kazi ya kuhesabu akiona wamezidi, na wote wamsukuma, afanye nini? Walio wengi walisema afunge lango. Nikauliza kama wao wangelifunga. Mikono ikapungua. Mmoja akasema kweli yake: angeogopa kupigwa. Mwingine akasema sheria lazima imlinde, la sivyo ni bure kumlaumu. Mwingine akataka kujua kama kutii mkubwa ni udhuru mbele ya Mungu. Wote walikuwa na umri wa miaka 15.

Kipindi cha nne niliwapa kazi ya Kiswahili. Waandike kibao cha kutundikwa langoni, chenye maneno machache ambayo mtu mwenye haraka, amebeba mtoto na kikapu, ataweza kuyasoma na kuyatii. Wengi waliandika kama serikali: “Abiria wanatangaziwa kwamba ni marufuku kwa chombo kuzidisha idadi iliyoidhinishwa.” Tulikisoma kwa sauti, tukaona kwamba kabla hujafika kwenye kitenzi umekwisha kupanda. Wengine waliandika vitisho. Mvulana yule wa hesabu, aliyekusudia kuchukua njia ya uhandisi na ambaye insha zake zilikuwa zikinipa usingizi, aliandika maneno mawili tu: “Imejaa. Ngoja.”

Yule msichana wa Likoni aliinua mkono. Alisema maneno ni mazuri, lakini kibao kinamwambia mama yake angoje bila kumwambia chombo kingine chaja lini; na asiyejua atangoja kwa muda gani hawezi kungoja. Basi wakaanza kubishana kama saa iandikwe, na nani atakayeihakikisha saa hiyo, na feri ngapi zahitajika ili ahadi iwe ya kweli, na fedha zake zitoke wapi. Mwenye hesabu akaanza kupiga hesabu, mjukuu wa baharia akamkatiza kwamba amesahau maji yakikupwa. Kengele ililia wakiwa wamesimama wote. Mwalimu wa Kemia alikuwa mlangoni na chupa zake mikononi, akiwangoja wakae.